Ukuta wa nyuma: kisa cha ukungu uliorudi kila msimu wa mvua katika nyumba moja ya Kigoma

Kisa hiki ni cha nyumba ya familia moja iliyo mteremkoni, ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Majina, mtaa na kila kinachoweza kuitambulisha familia vimeondolewa. Niliitwa kama fundi mshauri wa majengo, nikafuatilia kazi tangu katikati ya mvua hadi mvua za mwaka uliofuata. Nakiandika kwa sababu kila mvua zinapokolea naitwa kwenye nyumba zenye tatizo hilihili, ukungu unaoota kwenye kuta zenye unyevu, na karibu kila mara nakuta rangi mpya imepakwa juu ya ukuta ambao bado unakunywa maji. Pesa ya rangi hiyo ingetosha kuanza kazi yenyewe.

## Nyumba na wakazi wake

Nyumba ina vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko na bafu la ndani. Kuta ni za matofali ya kuchoma yaliyolazwa, zimepigwa plasta ya saruji ndani na nje. Juu kuna bati na siling bodi, chini kuna niru, yaani sakafu ya saruji iliyolainishwa. Ilijengwa kwa awamu, pesa ikipatikana. Kiwanja kilichongwa kwenye kilima, ndiyo maana mbele unapanda ngazi na nyuma unakutana na udongo. Vyumba viwili vya kulala, cha watoto na cha bibi, vinapakana na ukuta huo wa nyuma. Msingi ni wa mawe, na kati ya mawe na tofali la kwanza hakuna nailoni wala kizuizi chochote cha unyevu.

Wakazi ni mama mwenye nyumba, mume wake ambaye kazi humweka mbali na nyumbani kwa wiki nyingi, watoto watatu na bibi mzaa baba. Mtoto wa mwisho ana pumu. Bibi alikuwa anakohoa kwa muda mrefu, na wote nyumbani walishaamua kwamba ni ule ukuta.

Kigoma ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Oktoba au Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Ukungu katika nyumba hii ulianza kuonekana Desemba, ukakolea Februari na Machi, kisha kiangazi kikifika ukakauka na kubaki madoa. Hapo ndipo watu walipodhani umekwisha. Ukungu uliokauka haujafa, umelala tu, na mbegu zake ambazo macho hayazioni zinangoja maji.

## Hali ilivyokuwa mwezi Februari

Ukuta ulikuwa na magonjwa mawili, na nusu ya kazi yote ilikuwa kuyatofautisha.

Chini, kuanzia sakafuni hadi kama mita moja, rangi ilikuwa imevimba na kubanduka, plasta ikigongwa inatoa sauti ya uwazi, na juu yake kulikuwa na unga mweupe. Juu, kwenye kona karibu na siling na nyuma ya kabati la nguo, kulikuwa na madoa meusi na ya kijani yenye harufu ya uvundo. Kabati la mninga lilikuwa limesukumwa hadi likagusa ukuta, na ubao wake wa nyuma, ambao ni plaiwudi, ulikuwa umeota manyoya ya kijivu. Vitenge vya mama vilivyokuwa vimekunjwa chini ya kabati vilikuwa na madoa, na viatu vya ngozi vya watoto vilikuwa vyeupe kwa ukungu.

## Waliyokwisha kujaribu

Mwaka wa kwanza walifuta ukuta kwa kitambaa na maji, wakapaka rangi ya maji. Mwaka wa pili fundi mmoja aliwashauri rangi ya mafuta, kwa hoja kwamba haipitishi maji. Ni kweli haipitishi, lakini maji yalikuwa yanatoka nyuma ya rangi. Yalipokosa pa kutokea yaliisukuma rangi ikavimba, mengine yakapanda juu zaidi ndani ya tofali, kwa hiyo alama ya unyevu ikawa juu kuliko mwaka uliotangulia. Mwaka wa tatu walitumia jiki isiyochanganywa na maji, milango ikiwa imefungwa. Madoa yalififia kwa wiki kadhaa, na mtoto wa pumu alibanwa kifua usiku huohuo.

Jambo la hatari kuliko yote lilifanywa kwa nia njema kabisa. Usiku wa mvua waliingiza jiko la mkaa chumbani ili kukausha ukuta. Waliamka na vichwa vinauma. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na watu hufa usingizini bila kukohoa hata mara moja. Nililisema hili kwa mama kabla sijagusa ukuta, na nalirudia hapa kwa kila anayesoma: jiko la mkaa halikaushi ukuta, na halina nafasi katika chumba cha kulala.

## Kutafuta maji yanakotoka

Ukungu unahitaji chakula, joto na maji. Chakula kipo kila mahali, maana vumbi, rangi, karatasi, mbao na ngozi vyote vinautosha. Joto la Kigoma linaufaa mwaka mzima. Kinachoweza kuondolewa ni maji tu, kwa hiyo swali la kwanza ni maji yanaingilia wapi.

Ule unga mweupe wa chini tuliukwangua kidogo tukautia kwenye kijiko cha maji. Uliyeyuka wote. Hiyo ni chumvi: maji hupita kwenye udongo na tofali, hubeba chumvi iliyomo, na yanapokauka usoni mwa ukuta huiacha hapo. Jiki haiondoi chumvi. Tena chumvi hiyo yenyewe huvuta unyevu wa hewa, ndiyo maana ukuta wa namna hii hulowa hata siku isiyo na mvua. Doa jeusi la juu tulilidondoshea tone la jiki iliyochanganywa na maji, likapauka. Uchafu wa moshi au vumbi usingepauka hivyo. Huo ulikuwa ukungu.

Kisha tulibandika vipande viwili vya nailoni ukutani kwa selotepu, pande zote nne zikiwa zimezibwa: kimoja chini, kingine juu baada ya kusogeza kabati. Viliachwa siku mbili. Cha chini kilikuwa na matone upande ulioelekea ukuta, yaani maji yalikuwa yanatoka ndani ya ukuta. Cha juu kilikuwa kikavu kwa nyuma, ila asubuhi upande wa chumbani ulikuwa na ubichi, yaani maji yalikuwa yanatoka kwenye hewa ya chumba. Jaribio hili halina gharama, na sijui kwa nini halifanywi kila nyumba kabla ya kununua ndoo ya rangi.

Nje, tulipima usawa kwa mpira wa maji ule ambao mafundi hutumia kwenye msingi. Udongo wa nyuma ulikuwa umepanda kupita sakafu ya ndani kwa zaidi ya nusu mita. Haukuwekwa na mtu. Kila mvua ilishusha kidogo, na kila ufagio wa asubuhi uliusukuma kidogo kuelekea ukuta. Inavyotakiwa, ardhi ya nje iwe chini ya sakafu kwa angalau sentimita 15. Hapa tofali lilikuwa limezikwa, na lilinyonya maji ya udongo kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa.

Kulikuwa na mambo mengine mawili. Bati la nyuma halikuwa na gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, kwa hiyo upande wa paa wenye mita za mraba 40, katika mvua ya milimita 30 ambayo si ya ajabu Kigoma, huangusha lita 1,200 mguuni mwa ukuta uleule. Na jirani wa juu alikuwa anamwaga maji ya kuogea na ya kufulia kwenye kijifereji kilichokuja moja kwa moja nyuma ya nyumba. Ndiyo maana udongo ule ulikuwa na ubichi hata palipopita wiki bila mvua.

Ndani, maji ya hewa nayo yalikuwa na sababu zake. Watoto watatu walilala chumba kimoja, na dirisha lilifungwa tangu jioni kwa sababu ya mbu. Siku za mvua nguo zilianikwa kwenye kamba chumbani. Matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, ambayo fundi wa kwanza aliyaweka kwa akili kabisa, yalikuwa yamezibwa kwa magazeti na saruji ili popo na mbu wasiingie.

## Maamuzi na sababu zake

Familia ilitaka chumba cha watoto kipigwe plasta upya mara moja. Nilipinga, na mama aliniuliza swali la haki: "Sasa fundi, mtoto alale wapi mpaka kiangazi?"

Tuliamua mambo kwa mpangilio huu. Kwanza watu. Mtoto alihamishiwa chumba cha mbele, sebule ikageuzwa mahali pa kulala watoto wakubwa, na godoro lililokuwa limeota ukungu lilitupwa, maana godoro la sponji likiota ndani halisafishiki. Bibi alipelekwa kituo cha afya. Ni kweli kwamba unyevu na ukungu ndani ya nyumba vinahusishwa na kikohozi na kuzidi kwa pumu, na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu jambo hili mwaka 2009. Lakini kikohozi cha wiki mbili na zaidi lazima kipimwe kifua kikuu, hata kama ukuta ni mweusi. Alipimwa, akakutwa hana, akapewa matibabu mengine. Hilo lilikuwa uamuzi bora wa kisa kizima na halikuhusu saruji hata kidogo.

Pili, maji ya nje kabla ya ukuta wa ndani. Pesa haikutosha kufanya yote, na hapa palikuwa na mabishano. Mume, kwa simu, alitaka ukuta mzima wa nje upakwe dawa ya kuzuia maji. Mimi nilisema gata ianze, kwa sababu ndiyo nafuu kuliko yote na inaondoa maji mengi kuliko yote. Gata ikawekwa upande wa nyuma tu, na maji yakaelekezwa kwenye pipa na ziada yake kwenye mtaro wa barabarani.

Tatu, ukuta uachwe wazi ukauke kiangazi chote. Tofali lililolowa hukauka polepole, na kipimo cha zamani cha mafundi ni kama milimita 25 za unene kwa mwezi. Ukuta wa tofali la kulaza hauwezi kukauka kwa wiki mbili hata jua likiwaka namna gani.

## Kazi ilivyofanyika

Maji ya jirani yalianza kwa mazungumzo. Mama alikwenda mwenyewe na bibi, jioni, bila kumpitia mwenyekiti wa mtaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, karibuni."

"Ahsante. Hatujaja kwa ugomvi. Maji ya bafuni yanashuka kwetu, na mtoto anaumwa. Tumekuja tuombe tushauriane."

Mzee alishuka asubuhi iliyofuata akajionea ukuta. Aliahidi kuchimba shimo la kunyonyea maji, na familia ya chini ikachangia mawe ya kujazia. Nimeona kesi za maji ya jirani zikifika baraza la kata na kukaa huko miaka, wakati ukuta unaendelea kuoza.

Mwishoni mwa Mei, udongo wa nyuma uliondolewa kwa mkono, kipande kifupi baada ya kipande, hatukufungua ukuta wote kwa pamoja. Kuchimba chini ya usawa wa msingi au kufunua urefu wote kwa siku moja kunaweza kuudondosha ukuta ambao umesukumwa na udongo kwa miaka. Iliachwa njia ya upana wa mita moja hivi, na upande wa kilima ukajengewa ukuta wa mawe wenye matundu ya kutolea maji. Kwenye njia hiyo ulichimbwa mtaro wa kokoto wenye bomba la plastiki lililotobolewa chini yake, ukishuka sentimita 1 kwa kila mita kuelekea pembeni mwa nyumba. Sehemu ya msingi iliyobaki chini ya ardhi ilipakwa lami baada ya kukauka.

Ndani, plasta ya chini ilibomolewa hadi tofali, ikapanda nusu mita juu ya alama ya unyevu. Chumvi iliondolewa kwa brashi kavu na kuzolewa, kwa sababu ukiiosha kwa maji inarudi ndani ya tofali. Ukungu wa juu ulifanyiwa kinyume chake: ukilowa kwanza hautimui mbegu hewani, kwa hiyo ulilowanishwa, ukasuguliwa kwa sabuni ya unga na brashi, ukafutwa kwa kitambaa kilichotupwa. Palipobaki kivuli ilitumika jiki, isiyozidi mililita 240 kwa lita 4 za maji, dirisha na mlango vikiwa wazi, na msafishaji akiwa na glavu, miwani na barakoa. Watoto na bibi hawakuwepo. Jiki haikuchanganywa na siki wala na dawa nyingine ya usafi. Ikikutana na siki au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine inayounguza mapafu.

Matundu ya hewa yalizibuliwa na kuwekewa wavu wa mbu. Dirisha nalo likawekewa wavu mpya, na kabati likasogezwa sentimita 10 kutoka ukutani. Kamba ya nguo ilihamia varanda ya mbele.

Plasta mpya ya chumba cha watoto ilipigwa Septemba, ikapakwa rangi ya maji Oktoba. Chumba cha bibi hakikusubiri. Palikuwa na shughuli ya kifamilia mwezi Julai, wageni walikuwa wanatoka mbali, na familia iliona aibu kuwapokea kwenye tofali tupu. Kilipigwa plasta na kupakwa rangi kwa wiki moja.

## Msimu uliofuata

Mvua zilianza Novemba. Hadi Machi chumba cha watoto kilikuwa kikavu chini, bila chumvi na bila kuvimba. Mama aliniambia mtoto alibanwa mara chache kuliko mwaka uliopita. Hilo ni neno la mama, si kipimo cha hospitali, na mtoto huyo pia alikuwa ameanza kutumia dawa yake ya kuvuta kila siku kama alivyoagizwa.

Chumba cha bibi, rangi ilivimba tena Januari kwenye kipande cha chini. Si kwa maji mapya. Tulirudia jaribio la nailoni pande zote mbili za ukuta: ilikuwa chumvi na maji ya mwaka uliopita yaliyofungiwa ndani.

Nyuma ya kabati la watoto madoa madogo yalionekana Februari. Kabati lilikuwa limesukumwa tena likagusa ukuta, kwa sababu chumba ni kidogo na kitanda kilihitaji nafasi. Walifuta, wakapigilia vipande viwili vya mbao nyuma ya kabati ili lisiweze kusogea zaidi. Ukungu haujaota tena.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni gata na kuondoa udongo. Hakuna dawa ya dukani iliyoingia katika ushindi huo, na nasisitiza hili kwa sababu familia ilikuwa imetumia miaka mitatu ikinunua vitu vya kupaka. Jiki husafisha uso tu. Kwenye plasta na tofali mizizi ya ukungu imeingia ndani, na maji yakibaki hapo utarudi.

Kutenganisha unyevu wa ukuta na unyevu wa hewa kuliokoa pesa nyingi. Kama tungechukulia kwamba yote ni maji ya kilima, kona ya juu ingebaki nyeusi baada ya mtaro kukamilika, na familia ingeamini kwamba mtaro haukusaidia. Kama tungechukulia kwamba yote ni hewa, wangefungua madirisha huku tofali likiendelea kunyonya.

Kuna ushauri wa nchi za baridi unaosema unyevu wa hewa ndani uwe chini ya asilimia 60. Ni lengo zuri, lakini Machi ya Kigoma hewa ya nje yenyewe mara nyingi huzidi hapo, na kumwambia mama huyu anunue mashine ya kukausha hewa ni kumtania. Kwetu kinachowezekana ni hewa kupita: tundu la juu lenye wavu, dirisha wazi mchana jua likitoka, vitu visigusane na ukuta wa nje, nguo zianikwe nje ya chumba cha kulala. Wavu ndio ufunguo. Familia inayoogopa malaria itafunga dirisha usiku, na ina haki. Usiishauri ifungue kabla hujaiwekea wavu.

Kilichoshindikana ni subira katika chumba cha bibi. Siilaumu familia. Heshima mbele ya wageni ni jambo kubwa. Ila palikuwa na njia ya kati ambayo tungeipendekeza mapema zaidi: kuupaka ukuta ule chokaa, ambayo inaacha unyevu utoke na inaonekana safi, kisha kupiga plasta Septemba. Kipande hicho kitabomolewa kiangazi kijacho na kupakwa chokaa hadi kikauke.

Udhaifu mwingine ni kwamba bado hakuna kizuizi cha unyevu juu ya msingi. Kwenye kuta za ndani, ambazo hazigusani na kilima, kuna mstari mwembamba wa ubichi wa sentimita chache mvua zikizidi. Kukata ukuta na kuingiza kizuizi kwenye nyumba inayokaliwa ni ghali na kuna hatari yake, kwa hiyo tumeuacha, tukiuangalia. Anayejenga sasa hivi aweke nailoni nzito juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza. Ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na haya yote.

Kwa mpangaji asiye na mamlaka ya kuchimba nyuma ya nyumba ya mtu, jaribio la nailoni bado lina faida. Likionyesha maji yanatoka ukutani, piga picha matone hayo, piga picha na udongo wa nje, mwonyeshe mwenye nyumba kabla ya kulipa kodi ya miezi sita inayofuata, na umwombe gata na kuondolewa kwa udongo badala ya rangi. Likionyesha maji ni ya hewa, basi kazi iko mikononi mwako: zibua tundu, weka wavu, sogeza kabati. Na kama kuna mtoto wa pumu, chumba chake kiwe kile chenye ukuta unaopata jua.